NANI ATAPIMA JIWE LETU?



Leo tunataka kusema neno ambalo halisemwi sana pale tunapokutana. Kwenye mstari wa mshahara tunasema juu ya franka. Kwenye baa tunasema juu ya mpira. Nyumbani tunasema juu ya bei ya unga. Leo tunasema juu ya mwalimu mmoja wa universite, mwalimu kijana wa fizika, ile fizika ya kujaribu na kupima kwa vyombo. Tunauliza: universite ya mji wa migodi imchague mtu huyu namna gani? Imtafute wapi? Na siku ya kwanza ya kazi, impe nini mkononi?

Tunajua wengine watacheka. Watasema: "Ninyi makarani, mmekosa la kuandika? Mtoto wangu hana kitabu cha shule ya chini, nanyi mnanihubiri universite?" Ndugu, ngoja kidogo. Soma mpaka mwisho, halafu utuhukumu.

Sisi tunaoandika haya tunafanya kazi ya daftari katika mgodi. Tunaandika tani zilizotoka, kamiyo zilizopita, siku za kazi za kila mtu na siku za ugonjwa. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno ya kweli. Lakini miaka ya kushika kalamu imetufundisha jambo la pili. Tani tunaweza kuzihesabu sisi wenyewe, lakini lile lililo ndani ya tani hatuwezi kuliona kwa macho. Kiasi cha shaba, kiasi cha kobalti, kiasi cha ile sumu isiyo na harufu, vyote hivyo vinatujia kwa karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine, aliye na chombo. Yeye anasema, sisi tunanakili. Akisema kweli, tunanakili kweli. Akisema uongo, tunanakili uongo kwa mwandiko mzuri.

Tazameni historia ya jiwe letu. Mwaka 1915, Mwingereza Robert Sharp, mtu wa Union Minière, alitambua uraniumu mahali panapoitwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji uliokuja kuitwa Jadotville. Mwaka 1921 mgodi ulianza. Mawe yalikwenda kwa reli na meli mpaka Olen, katika Ubelgiji, na huko walitoa radiumu ndani yake. Radiumu iliuzwa kwa gramu, na gramu moja ilipita dhahabu mbali sana kwa bei. Baba zetu walichimba, walichagua mawe kwa mkono, walijaza mifuko. Nani kati yao alijua gramu ngapi zilikuwa katika mfuko mmoja? Hakuna. Chombo cha kupima kilikuwa mkononi mwa wengine.

Mwaka 1940 Edgar Sengier, direkta mkubwa wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1000 za madini ya Shinkolobwe. Mwaka 1942 askari wa Marekani waliyanunua. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lilianguka juu ya Hiroshima, na dunia yote ikasikia habari ya atomu. Sehemu kubwa ya uraniumu ya kazi ile ya Wamarekani ilitoka katika ardhi hii ya Katanga. Wale waliolichimba jiwe walisikia habari yake nyuma ya wote.

Mtasema: hayo ni mambo ya zamani za Wabelgiji. Basi tusogee karibu. Januari 2004 serikali ilitoa amri ya kufunga Shinkolobwe. Lakini wachimbaji wa mikono walikuwa pale kwa wingi, wakitafuta kobalti. Mwezi wa Julai mwaka ule ule ardhi iliwaangukia, na watu walikufa. Ndipo Umoja wa Mataifa ulituma wataalamu kutoka mbali, pamoja na vyombo vyao, kuja kupima mgodi na kusema hatari yake. Tunawashukuru. Walikuja wakati wa msiba, kama jirani mwema anavyokuja. Lakini nyumba inayongoja jirani kila mara ije kuwashiwa moto, nyumba hiyo ina baba kweli?

Sasa tuseme wazi huyu mwalimu wa fizika ya majaribio ni mtu wa namna gani.

Kuna mwalimu wa chaki. Anaandika ubaoni, wanafunzi wanaandika katika daftari, siku ya mtihani wanarudisha yale yale aliyowapa. Huyu hatumdharau, maana bila hesabu hakuna fizika. Lakini mwalimu wa majaribio anafanya jambo la zaidi. Anakiuliza kitu chenyewe. Anachukua jiwe, analiweka chini ya chombo, anaandika kilichoonekana. Kesho anarudia. Kama namba ya leo si sawa na ya jana, haifichi, anatafuta sababu. Labda chombo kina kosa, labda mkono wake una kosa, labda jiwe linasema jambo jipya. Anafundisha vijana namna hiyo ya kutosadiki upesi. Mtu aliyefundishwa hivyo hadanganywi kirahisi, wala na mnunuzi wa madini, wala na mwenye mamlaka.

Tutoe mfano unaogusa mapafu yetu. Katika jiwe lenye uraniumu mna radiumu pia, maana uraniumu inageuka pole pole, inazaa vitu vingine, na radiumu ni mmoja wa watoto wake. Radiumu nayo inazaa hewa inayoitwa radoni. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu. Inatoka katika mwamba na kujaa katika shimo ambalo upepo haupiti vizuri. Haikai muda mrefu: katika siku karibu 4 nusu yake inakwisha kugeuka. Lakini vile inavyogeuka kuwa vinashika vumbi, na vumbi linaingia kifuani. Mwaka 1879 waganga wawili wa Ujerumani waliandika juu ya uvimbe mbaya wa mapafu uliowaua wachimbaji wa Schneeberg, mji wa migodi ya zamani. Ilichukua miaka mingi baadaye mpaka wataalamu walipokubaliana kwamba ile hewa ndiyo iliyoleta kifo. Wachimbaji walikuwa wakifa, na hapakuwa na mtu wa kuipima.

Hapa Katanga, madini ya shaba na kobalti mahali pengine yanachanganyika na uraniumu. Si kila mahali, wala hatutaki kuwatia watu hofu ya bure. Lakini ndilo neno lenyewe: wapi ipo, wapi haipo? Shimo hili ni salama, lile si salama? Mchanga huu ambao mtu anachukua kujengea nyumba yake, je, ni mchanga tu? Mashini ya lopitali inayopiga picha ya mifupa, je, inatoa nguvu inayostahili au inamchoma mgonjwa na mfanyakazi wake? Maswali haya hayajibiwi kwa hotuba. Yanajibiwa na mtu mwenye chombo, anayejua kukitumia, na asiyeogopa kusema namba aliyoiona.

Mtu huyo tutampata wapi? Atatoka katika universite. Na katika universite atafundishwa na nani? Hapo tumefika kwenye habari yetu.

Tulio na miaka thelathini na zaidi tunakumbuka namna tulivyojifunza. Sisi wenyewe tulisoma masomo ya kati katika shule ya misioni, na tunawashukuru walimu wetu kwa mengi. Lakini fizika tuliisoma kwa macho imefungwa. Katika darasa palikuwa na kabati ya kioo. Ndani mlikuwa na mizani nzuri, sumaku, lenzi, na chombo cha kupima umeme. Ufunguo ulikaa kwa mkubwa. Miaka yote hatukuona kabati ile ikifunguliwa, kwa kuogopa kwamba tungevunja. Tulipata alama nzuri juu ya umeme, na siku tulipoingia kazini hatukujua kutengeneza hata fuzibu. Hatumtaji mtu, maana kabati za namna hiyo zilikuwa nyingi, na pengine ziko hata leo. Ukimwajiri mwalimu wa fizika ukamfungia kabati, umeajiri chaki peke yake.

Tena si kwamba nchi hii haikujua kitu. Universite ya Lovanium ilianza 1954 katika Léopoldville, na rekta wake wa kwanza, Padri Luc Gillon, mwenyewe alikuwa mtu wa fizika ya atomu. Mwaka 1959 iliwashwa pale TRICO, mashini ya kwanza ya atomu katika Afrika yote. Mwaka 1972 ikaja ya pili, yenye nguvu kupita ile. Mwaka 2004 ikasimamishwa. Hapa kwetu universite ilifungua milango mwaka 1956, mji ukiitwa Elisabethville, na tangu 1981 inaitwa Universite ya Lubumbashi. Kwa hiyo njia ilikwisha kufunguliwa na waliotutangulia. Kazi yetu ni kuilinda isiote majani.

Sasa sikilizeni habari ya karani mmoja. Makarani wenzetu, hasa ninyi, fungueni masikio.

Katika nchi ya India, wakati Waingereza walipoitawala, alikuwako kijana jina lake C. V. Raman, aliyezaliwa 1888. Alikuwa na akili sana katika fizika. Lakini kazi ya fizika kwa mtoto wa India ilikuwa ngumu kupatikana, basi mwaka 1907 akaingia katika kazi ya serikali, biro ya hesabu ya fedha, akapelekwa Calcutta. Mshahara ulikuwa mzuri. Wengine wangelala hapo. Yeye aliona katika mji ule nyumba ya chama cha elimu, kilichoanzishwa 1876 na mganga Mahendralal Sircar kwa zawadi za watu wa India wenyewe. Vyombo vilikuwepo, watumiaji walikuwa wachache. Raman akaomba ruhusa. Asubuhi kabla ya biro alikuwa pale, jioni baada ya biro alikuwa pale. Alipima sauti za ngoma na vinanda, akaandika, akapeleka maandishi yake kwa wataalamu wa nchi nyingine. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo.

Universite ya Calcutta ilikuwa na mkubwa wake Asutosh Mukherjee, mtu wa sheria na hesabu. Wakili tajiri wa mji ule, Taraknath Palit, alikuwa ametoa ardhi na fedha ili pawe na walimu wa elimu ya vitu, tena akaweka sharti wawe watu wa India. Mukherjee alitafuta mtu kwa kiti cha fizika. Hakuuliza ni mtoto wa nani. Alitazama kazi iliyokwisha kufanyika, akamwita yule karani wa hesabu. Palikuwa na sharti jingine, kwamba mwalimu awe amefundishwa ng'ambo. Raman akakataa kwenda ng'ambo kutafuta karatasi tu. Mukherjee hakumfukuza, aliligeuza sharti. Mwaka 1917, Raman akiwa na miaka 28, aliacha mshahara mkubwa wa serikali akachukua ule mdogo wa universite. Wakati ule ule Mukherjee aliwachukua vijana wengine wawili, Meghnad Saha, mtoto wa mwenye duka dogo la kijijini, na Satyendranath Bose. Wote wawili majina yao yako leo katika vitabu vya fizika vya dunia nzima.

Raman alifanya nini? Mwaka 1921 alisafiri kwa meli, akatazama rangi ya buluu ya bahari, akajiuliza inatoka wapi. Aliporudi aliendelea na swali hilo pamoja na wanafunzi wake. Tarehe 28 Februari 1928, kwa vyombo vidogo ambavyo laboratwari kubwa ya Ulaya ingevidharau, walithibitisha kwamba nuru ikipita katika maji au kitu kingine, sehemu yake ndogo inabadilika rangi, na kila kitu kinaibadilisha kwa namna yake. Mwaka 1930 alipewa zawadi ya Nobel. Leo njia yake inatumika katika viwanda na migodi kujua jiwe ni jiwe gani bila kulivunja. Hayo yote yalitoka kwa karani aliyeitwa na universite yenye macho.

Mfano wa pili ni mfupi, nao unaturudisha katika shimo letu. Mwaka 1898 universite ya McGill, katika mji wa Montreal nchini Kanada, ilitafuta mwalimu wa fizika. Mkubwa wa laboratwari, John Cox, alikwenda mpaka Cambridge kuuliza. Akamrudia na kijana wa miaka 27, Ernest Rutherford, mtoto wa fundi wa magurudumu kutoka New Zealand, mmoja wa watoto 12. Cox alifanya jambo ambalo wakubwa wengi hawalifanyi: alichukua mwenyewe sehemu ya masomo ya kijana, ili kijana apate nafasi ya kujaribu. Na tajiri wa tumbako wa mji ule, William Macdonald, ndiye aliyekuwa amejenga laboratwari na kununua vyombo. Baada ya miaka 2 tu, mwaka 1900, Rutherford alitangaza kwamba madini ya thoriumu yanatoa hewa yenye nguvu ya mionzi. Hewa ile ni ndugu ya radoni tuliyoitaja. Halafu, pamoja na kijana mwingine, Frederick Soddy, akaonyesha kwamba kitu kimoja kinaweza kugeuka kuwa kitu kingine. Katika 1908 akiwa Manchester, yeye na msaidizi wake kijana Hans Geiger walitengeneza chombo cha kuhesabu mionzi, nacho ndicho babu wa ile mashini inayolia "tik, tik" mkononi mwa wapimaji wa leo.

Wandugu, mnaona? Chombo cha kupima hatari ya jiwe letu kilizaliwa kwa sababu universite moja ilichagua kijana mmoja vizuri, ikampa vyombo, ikampa saa.

Kwa hiyo sisi tunasema neno letu kwa universite, kwa serikali, kwa makampuni ya migodi na kwa wazazi. Hatumshitaki mtu. Tunaonyesha njia kama tunavyoiona.

Kwanza, nafasi ya kazi itangazwe mbele ya watu wote. Ibandikwe mlangoni, isomwe katika redio, ipelekwe Kinshasa, Kisangani, Bukavu, hata ng'ambo waliko watoto wetu. Nafasi inayojulikana na watu watatu katika biro si nafasi, ni zawadi ya arusi. Atakayechaguliwa asiulizwe kabila. Uraniumu haina kabila. Anayepima vibaya kwa sababu aliingia kwa mgongo wa mjomba, atatuua sote pamoja na mjomba wake.

Pili, ajaribiwe kwa mikono. Dipuloma isomwe, ndiyo. Barua za walimu wake zisomwe. Lakini baadaye apewe siku moja katika laboratwari, na chombo kilichoharibika, na wanafunzi watano. Tuone: atakifungua chombo au atangojea fundi? Akikosa, atasema "nimekosa", au atapandisha sauti? Wanafunzi watashika vyombo wao wenyewe, au watasimama nyuma kama kwaya? Siku hiyo moja itasema zaidi ya kurasa 100 za karatasi zenye muhuri. Na katika komite ya kuchagua akae walau mtu mmoja kutoka universite nyingine, asiyekuwa na deni kwa mtu wa hapa.

Tatu, mabinti waitwe sawa na vijana wanaume. Mama Marie Curie, aliyeitoa radiumu kwa mara ya kwanza pamoja na mume wake, alianza kufundisha katika Sorbonne mwaka 1906, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo pale. Anayedhani kazi ya vyombo si ya mwanamke, aende akamwulize radiumu.

Nne, apewe cha kuanzia. Mchimbaji haambiwi "shuka" bila taa na nyundo. Seremala haajiriwi bila msumeno. Asistanti wa fizika, ambaye ni kijana aliyemaliza masomo yake ya kwanza ya universite na anajiandaa kwa dokta, anapewa nini? Mara nyingi chaki na orodha ndefu ya masomo. Kisha wanashangaa kwamba miaka imepita na hajaandika kitu, hajapanda kuwa shefu de travo, seuze profesa. Apewe chumba kinachofungwa, umeme usiokatika kila saa, chombo kimoja kizuri cha mionzi, fedha ya vipuri, na fundi mmoja anayejua kuchomelea na kukata chuma. Miaka miwili ya kwanza masomo yake yapunguzwe, kama Cox alivyomfanyia Rutherford. Na mshahara wake ufike siku yake. Mtu mwenye njaa anapima mfuko wake kwanza.

Tano, makampuni yafungue milango. Katika karakana za migodi mna mafundi hodari, mna tuno za kukata chuma, mna vyombo vinavyotupwa ambavyo universite ingevibusu. Tajiri wa tumbako alimjengea Rutherford nyumba ya kazi. Wanaotajirika kwa shaba na kobalti wanashindwa na mwuza tumbako? Tena wamwache mwalimu aingie shimoni na chombo chake pamoja na wanafunzi, na wamwache aseme alichokiona. Kama namba ni nzuri, ni sifa kwao. Kama ni mbaya, ni uhai wetu.

Tunajua masemo yatakayorudishwa. Wa kwanza atasema: "Tuite mgeni, ni upesi zaidi." Mgeni mwema aje, tutamkaribisha. Lakini mgeni ana tikiti ya kurudi. Aje kufundisha wetu, asije kushika nafasi yao milele. Wa pili atasema: "Ukimfundisha kijana, ataondoka kwenda Ulaya au Afrika ya Kusini." Wengine wataondoka, kweli. Lakini tuliwauliza sababu? Raman alikubali mshahara mdogo, kwa kuwa alipata nafasi ya kufanya kazi aliyoipenda. Mtu hakimbii umaskini peke yake, anakimbia pia kabati iliyofungwa. Wa tatu atasema: "Kwanza maji, kwanza barabara, kwanza dawa." Huyu ana haki ya kusema, nasi tunakunywa maji yale yale. Lakini maji yenyewe yanapimwa na nani? Mionzi ya lopitali inapimwa na nani? Mwalimu huyu hali chakula cha maji na dawa. Yeye ni mlinzi wao.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wenyewe, maana si haki kudai kwa wengine tu. Tukiiba waya wa umeme wa universite ili kuuza shaba yake, tumezima laboratwari ya watoto wetu kwa bei ya chupa chache. Tukimpeleka mtoto kwa profesa na bahasha ili apate alama, tunatengeneza mpimaji wa uongo, na siku moja atapima shimo tunaloshuka. Tukimcheka kijana anayefungua redio ya zamani kuona ndani yake, tukamwambia "acha uchafu, soma sheria uwe mkubwa", tunamwua Raman wetu kabla hajaota meno. Baba, ukiona mtoto anauliza "kwa sababu gani?", usimpige. Mpe bisibisi.

Nanyi makarani wenzangu, tusiridhike na mwandiko mzuri. Siku ile karatasi ya namba itakapofika mezani kwetu, tuwe na haki ya kuuliza: nani alipima? Kwa chombo gani? Alirudia mara ngapi? Na jibu liwe jina la mtoto wetu, aliyefundishwa na mwalimu aliyechaguliwa mchana mbele ya watu wote.

Jiwe ni letu, na mapafu ni yetu. Kipimo nacho kiwe chetu.